Namna ya kutumia kitenzi outwit kwa usahihi

Kitenzi cha Kiingereza outwit humaanisha kumzidi mtu akili au ujanja hadi ukapata ulichokitaka na yeye akakikosa. Wanafunzi wengi hukifasiri kuwa ni kudanganya, na hapo ndipo maana inapoharibika, kwa sababu anayedanganya husema uongo, ilhali anayemzidi mwenzake akili huenda asifungue kinywa kabisa. Mchezaji wa bao anayekula kete za mwenzake kwa kuhesabu mapema zitakakoishia hakumficha lolote, maana mashimo yote yalikuwa wazi machoni pao wawili; hata hivyo ni sahihi kabisa kuandika: She outwitted him.

Uongo unaweza kuwemo, lakini peke yake hautoshi. Katika ngano ya kima na papa, kima yuko katikati ya bahari, juu ya mgongo wa papa, anapoambiwa kwamba sultani wa papa anautaka moyo wake, naye anajibu papo hapo kwamba moyo ameuacha mtini. Papa anamrudisha pwani, kima anarukia mti wake na hashuki tena. The monkey outwitted the shark ni sentensi inayokifaa kisa hiki barabara, maana mpinzani alikuwa na nguvu zaidi na kilichomshinda ni wepesi wa fikra.

Unapounda sentensi, mtaje mpinzani mara tu baada ya kitenzi, bila kuweka from wala to, na awe anayeweza kukupinga: mtu, mnyama, timu, hata mashine. Mtihani haufai, kwa kuwa hauna nia ya kukushinda.

Katika wakati uliopita, herufi t hurudiwa, outwitted, kwa sababu silabi ya mwisho ina irabu fupi na ndiyo yenye mkazo. Kwa hiyo tamka kwa kukaza wit, si out. Outsmart, ambacho kina maana ileile na huzoeleka zaidi katika mazungumzo, huwa outsmarted bila kurudia herufi, na outfox huwa outfoxed. Kwa insha na barua rasmi, ningechagua outwit.

Ukitaka kuanza na aliyeshindwa, tumia kauli ya kutendwa: The shark was outwitted by the monkey.