Kabla bumu halijaingia

Mdogo wangu, umepata chuo Dar na jina lako limo kwenye orodha ya mkopo. Hongera sana. Sasa nisikilize mimi niliyetangulia, maana kupangiwa mkopo si kuwa na hela mkononi.

Mwaka 2018 nilishuka Ubungo na elfu sitini, nikiamini bumu, yaani hela ya mkopo ya kujikimu, litaingia wiki hiyohiyo. Lilikuja wiki ya sita. Jina kwenye akaunti yangu ya benki lilipishana herufi moja na la cheti cha kidato cha nne, basi wenzangu wakisaini kupokea hela, mimi nilikuwa kwenye foleni ya kueleza. Kwa hiyo leo, kabla hujagusa begi, weka mezani cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa) na kadi ya benki. Soma majina herufi kwa herufi. Panapopishana, parekebishe ukiwa bado nyumbani, ambako chakula hununui.

Njoo na chakula pia. Kilo kumi za unga, kilo tano za maharage, chupa ya mafuta. Usione aibu kushuka na kiroba. Kile changu ndicho kilichonivusha.

Tuje kwenye hesabu. Enzi zangu posho ya chakula na malazi ilikuwa shilingi 8,500 kwa siku. Siku hizi ni 10,000. Ila haiji kila siku wala kila mwezi. Inaingia kwa mkupuo, ya siku 60 hivi, yaani laki sita. Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Mtoto aliyekulia nyumba kama yetu akiona laki sita kwenye akaunti anadhani ni utajiri, kumbe ni ugali wa miezi miwili. Niliyekuwa nakaa naye alinunua simu siku ya pili. Wiki ya tano tulikuwa tunakula maharage yangu sahani moja.

Fanya hivi: siku bumu likiingia, toa kodi ya chumba kwanza, kinachobaki gawa kwa 60. Hicho ndicho cha siku, na humo mna nauli ya daladala na fotokopi. Kama hujiamini (mimi sikujiamini), mpe mtu akushikie. Bumu la pili nilimtumia mama laki tatu, naye akawa ananirudishia elfu hamsini kila Ijumaa, wiki sita. Makato ya kutuma yaliniuma kidogo, lakini sikulala njaa tena.

Chumba usikimbilie. Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita kwa mpigo. Omba hosteli mapema. Ukikosa, tafuta mwenzako mpange pamoja.

Kuhusu masomo, sekondari mwalimu alikuandikia notsi. Huku mhadhiri anaongea saa mbili kwa Kiingereza, anazima projekta, anaondoka. Mwezi mzima nilikaa nyuma, naelewa nusu, naogopa kunyoosha mkono. Testi ya kwanza nikapata 6 kwa 20. Nililia, kisha nikaipeleka karatasi ile ofisini kwa mhadhiri. Alinionyesha kuwa majibu nilikuwa nayo, maelezo ndiyo yaliyonikwama. Tukaunda kundi la watu wanne: tunasoma kwa Kiingereza, tunafafanuliana kwa Kiswahili mpaka kila mmoja aelewe, kisha kila mtu anaandika jibu lake kwa Kiingereza. Testi ya pili nilipata 14.

Usisubiri sapu, yaani mtihani wa marudio, ndipo utafute kundi. Ukidisko, yaani ukiondolewa chuo kwa kufeli, mkopo unakoma lakini deni linabaki, na siku ukiajiriwa watakukata asilimia 15 ya mshahara.

Vyeti vyako vipige picha unitumie jioni hii, na mimi niyasome hayo majina.