Jinsi ya Kupima Viuadudu Katika Shamba la Nyanya

Mkulima wa nyanya katika bonde la Lukuledi, kusini mwa Tanzania, anapoona kantangaze (nondo mdogo ambaye funza wake hutoboa majani na matunda ya nyanya) wamepungua baada ya kupuliza dawa, bado hawezi kusema kwamba dawa ndiyo iliyowapunguza, kwa sababu mvua na wadudu marafiki nao huwapunguza. Atajua tu ikiwa sehemu ya shamba haikupata dawa kabisa, na sehemu hiyo naomba iwepo hata kama inauma kuwapa wadudu mazao.

Chagua viuadudu viwili au vitatu vilivyosajiliwa kwa ajili ya nyanya na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Soma kiambato amilifu, yaani kemikali inayoua wadudu, kwenye kibandiko, maana chupa mbili zenye majina tofauti na kiambato kimoja ni dawa ileile. Gawa shamba katika safu 4 za vitalu vya mita 4 kwa 5, kila safu iwe na kitalu kimoja cha kila dawa na kimoja cha maji matupu. Mpangilio ndani ya safu uamuliwe kwa kura, kwani kitalu kilicho jirani na nyanya zilizozeeka huvamiwa zaidi.

Kiangazi, ambacho ni msimu wa nyanya mabondeni, ndicho pia kipindi cha kupulizia mikorosho, hivyo bomba lililobeba dawa ya korosho lisafishwe kwa sabuni na kusuuzwa mara kadhaa, la sivyo matokeo yatachanganyika. Vaa glavu, barakoa na buti, kisha puliza asubuhi kabla upepo haujaanza kuvuma, ukitumia kipimo cha kibandiko na kiasi kilekile cha maji katika kila kitalu.

Kazi inayohitaji uvumilivu ni kuhesabu. Hesabu siku moja kabla ya kupuliza, halafu siku ya 3, ya 7 na ya 14, kwenye mimea 10 ya mistari ya katikati, kwa sababu ile ya pembeni hupata dawa inayopeperushwa kutoka vitalu vingine. Nzi weupe wahesabiwe alfajiri kungali na baridi, kwa kugeuza jani taratibu, kwani jua likichomoza huruka. Kantangaze huwapotosha wengi: mashimo yao hubaki kwenye jani hata funza wakishakufa, kwa hiyo inua jani kuelekea mwanga, lipasue, uhesabu walio hai tu.

Ikiwa hesabu za mwanzo zilikaribiana, toa idadi ya kitalu cha dawa kutoka ile ya kitalu cha maji, gawa kwa ile ya maji, kisha zidisha kwa 100. Funza 40 kwenye maji na 10 kwenye dawa ni ufanisi wa asilimia 75. Tumia wastani wa vitalu vyote 4, usichague kilichokupendeza.

Wakati wa kuvuna, baada ya siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kibandiko kupita, pima uzito wa nyanya nzima peke yake na wa zilizotobolewa peke yake. Dawa iliyoshinda ipishane na ya kundi jingine la utendaji, yaani inayoua wadudu kwa njia tofauti, kwani kantangaze hujenga usugu haraka dhidi ya dawa inayorudiwa mfululizo.