Tochi ya mfukoni: kuichagua, kuilisha betri na kutembea nayo

Kijana ninayemfundisha kazi ya umeme wa majumbani alinitumia picha kutoka Kariakoo. Tochi tatu, maboksi matatu, na chini yake ujumbe: "Shikamoo fundi. Hii ya kushoto wanasema ni lumeni laki moja, nichukue?" Nikampigia, maana jibu lake si la kuandika kwa dole gumba. Niliyomwambia ndiyo haya, nimeyapanga kwa hatua.

Kuna anayeuliza, simu ina tochi, ya nini nyingine? Jaribu kupanda darini, mkono mmoja umeshika mbao, wa pili bisibisi, halafu uniambie simu utaiweka wapi. Ikikuponyoka huko juu, umebaki gizani na huna hata wa kumpigia.

Hatua ya 1: Angalia mwanga wa chini kabla ya mwanga wa juu

Balbu ya zamani ya wati 60, ile ya waya unaowaka ndani ya kioo, ilitoa kama lumeni 800 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga). Kwa hiyo lumeni laki moja ni balbu 125 ndani ya kitu cha kukaa mfukoni. Kingekuwa cha kweli kingekuunguza mkono. Boksi la namna hiyo lirudishe tu, usibishane na muuzaji.

Boksi la kuaminika kidogo huwa na alama ya FL1. Hicho ni kipimo kinachotumiwa na watengenezaji wengi: lumeni zinasomwa tochi ikiwa imeshawaka nusu dakika, na muda wa kuwaka unahesabiwa hadi mwanga ushuke kufikia asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Sasa hapo pana mtego. Ukisoma "saa 4" usidhani ni saa nne za mwanga uleule. Huenda dakika chache za kwanza ndizo kali na zilizobaki ni mwanga wa kujikokota. Tochi ndogo zenye nguvu hujipunguza zenyewe zikipata moto. Si mbovu, zimetengenezwa hivyo ili zisijiunguze.

Mimi natafuta kitu kingine: mwanga wa chini kabisa una lumeni ngapi? Nataka kati ya 1 na 5. Usiku umeme umekatika, watoto wamelala ndani ya chandarua, unataka kuingiza tokeni za LUKU. Ukiwasha lumeni 300 mbele ya ukuta mweupe unajipofua mwenyewe na nyumba nzima inaamka. Mwanga wa kati, 50 hadi 150, ndio wa kazi. Wa juu, 300 hivi inatosha kabisa kuona mtaro na mbwa aliyelala njiani. Ule mwanga wa kupepesa kama disko, kama upo basi uwe umefichwa. Ukilazimika kuupitia kila unapobadilisha mwanga, acha hiyo tochi.

Hatua ya 2: Rangi

Ukiweza, chagua iliyoandikwa 4000K au 5000K na CRI 90 au zaidi. K ni rangi ya mwanga wenyewe, ikipanda mwanga unaelekea ubluu; CRI ni jinsi mwanga unavyoonyesha rangi za vitu zilivyo, mwisho wake 100. Tochi nyingi za bei rahisi ni 6500K, mwanga wa ubluu ambao una upungufu wa wekundu. Kwa mtu wa umeme hilo si suala la urembo. Nyumba za zamani zina waya mwekundu na mweusi, mpya zina kahawia na bluu, na nyumba iliyoongezwa vyumba ina vyote. Chini ya mwanga wa ubluu, kahawia iliyopauka na nyekundu yenye vumbi zinakuwa kitu kimoja. (Rangi isikutoe kwenye utaratibu lakini. Pima na testa kila mara, hata kama rangi inaonekana vizuri.)

Hatua ya 3: Betri

Hapa tukae. Ukishachagua betri umeshachagua ukubwa wa tochi, uzito wake, chaja yake na matatizo yake yote.

Kwa tochi ya mfukoni kuna familia tatu za kufikiria. AAA, zile nyembamba za rimoti, zinatoa tochi ya kukaa kwenye funguo. AA, za saa ya ukutani, zipo kwenye kila kibanda kuanzia Mbagala hadi kijijini kwa bibi. Halafu kuna lithiamu ya kuchaji ya 18650, upana milimita 18, urefu 65, ambayo ina nguvu nyingi lakini tochi yake inafika kama sentimita 12 na mfukoni utajua unayo.

Msimamo wangu: mtu asiye fundi anunue tochi ya AA moja ambayo imeandikwa wazi kwamba inakubali pia lithiamu ya 14500. Sofirn SP10 Pro ni mfano mmoja. Mjini unatumia lithiamu unayochaji, ukisafiri ikaisha unaingia dukani kununua AA ya kawaida. Mwanga utapungua, lakini upo.

Ila hiyo 14500 iheshimu. Kwa umbo ni sawa na AA, inaingia popote AA inapoingia, lakini AA ni voti 1.5 na yenyewe ikiwa imejaa ni 4.2. Mtu akiitumbukiza kwenye redio au kwenye tochi ya AA isiyoikubali, kinachofuata ni moshi. Zangu nimezizungushia tepu nyekundu ya umeme, na nyumbani wanajua kwamba yenye tepu haiguswi.

AA za alkali, zile za kawaida zisizochajiwa, nazo zina tabia yao. Zikikaa muda mrefu ndani ya tochi huvuja na kuacha unga mweupe unaokula springi. Unga huo ni kemikali kali, usiushike kwa mkono mtupu. Futa kwa pamba yenye siki au maji ya limao, kisha kausha. Kama tochi inakaa droo ya jikoni kungoja siku umeme ukatike, weka AA za kuchaji, zile za voti 1.2.

Sasa 18650, ambayo ndiyo mafundi tunaitumia na ndiyo yenye vituko.

Namba iliyoandikwa ubavuni usiiamini. Za kampuni zinazojulikana huwa karibu mAh 2600, 3000, 3500 (mAh ni kiasi cha umeme ambacho betri inabeba). Ukiona 9900, hiyo ni rangi tu ya kwenye karatasi. Kipimo rahisi ni mizani ya jikoni: 18650 ya kweli ina gramu 45 hadi 50, kama AA mbili za alkali. Ikisoma 30, ndani kuna upungufu. Angalia pia ncha zake. Ukiona vidoti vya kulehemu, ujue imetolewa kwenye betri ya laptopu iliyokufa ikavishwa ganda jipya. Zipo zinazofanya kazi, lakini hujui imebakiza uhai gani.

Halafu kuna kichwa cha betri. Hili lilitula jioni nzima mimi na jirani. Tochi mpya, betri mpya, haiwaki. Mita inasema betri ina voti 4.1. Swichi tukaipima, inapitisha. Tukiunganisha kwa waya nje ya tochi, inawaka. Tukirudisha betri ndani na kufunga kitako, yaani kifuniko cha nyuma, kimya. Tumesugua springi, tumefungua kitako na kukifunga tena, hakuna. Mwishowe nikamulika ndani ya kichwa cha tochi kwa tochi nyingine: mguso wa chanya umezungukwa na duara la plastiki jeusi lililoinuka labda milimita moja. Limewekwa makusudi, ili betri ikiingizwa kinyume isiguse. Betri yake ilikuwa ya kichwa bapa, kwa hiyo nayo ilikuwa haigusi, hata ikiingizwa sawasawa. Ilihitaji yenye kinundu, ile ambayo chanya yake imechomoza.

Kwa hiyo kabla ya kulipia betri, fungua tochi uchungulie. Kuna duara limeinuka? Nunua yenye kinundu. Kuna springi mbele? Bapa inatosha. Lakini kinundu nacho kina mambo yake: nyingi za kinundu zina kisakiti cha ulinzi chini, na kisakiti hicho kinairefusha betri hadi karibu milimita 70. Kwenye tochi fupi kitako hakifungi, na ukilazimisha unaibonyeza betri, jambo ambalo sitaki ulifanye na lithiamu. Wapo wanaopachika kisumaku kidogo juu ya betri bapa ili kifanye kazi ya kinundu. Sishauri. Tochi ikidondoka kisumaku kinateleza pembeni, na pembeni ndiko kwenye hatari. Kulehemu tone la risasi juu yake pia hapana, joto linaiharibu ndani.

Kwa nini pembeni? Ichunguze 18650 vizuri. Bati lake lote ni hasi, kuanzia chini hadi kwenye mabega kandokando ya chanya. Kinachozitenganisha hapo juu ni kiduara chembamba na ganda la plastiki. Ganda likichanika mabegani, chuma chochote kinachogusa chanya na bega kwa pamoja kimeshapiga shoti. Kwa hiyo betri iliyochanika ganda haitumiki mpaka ivishwe jipya. Na betri ya akiba haikai mfukoni pamoja na funguo na sarafu. Ina kikasha chake cha plastiki.

Kuchaji: ikifika 4.2 imejaa, na tochi ikianza kufifia ichaji, usingoje izime. Usiiache inachaji juu ya godoro. Tochi za taipu C zina kituko kingine kinacholeta wateja wengi kwangu wakidhani zimekufa. Ukitumia chaja ya kasi yenye taipu C pande zote mbili za kebo, nyingi haziingizi moto kabisa. Mtengenezaji amebana matumizi, hakuweka vile vipingamizi viwili vidogo vya kilo-omu 5.1 vinavyoiambia chaja ilete umeme. Tafuta chaja ya zamani yenye tundu pana la USB na kebo yake, itachaji.

Hatua ya 4: Swichi na kufuli

Mimi ni mtu wa swichi ya kitakoni, ile inayolia "ta!" ukiibonyeza. Inakata umeme kabisa, na ukiwa na glavu bado unaihisi. Convoy S2+ ninayotumia kazini ni ya hivyo, na swichi yake ikifa inabadilishwa. Swichi ya ubavuni ni laini na nzuri, lakini nyingi hunywa betri kidogokidogo hata tochi ikiwa imezimwa, na hujiwasha mfukoni. Lumeni 1000 zikijiwasha dhidi ya kitambaa cheusi, kitambaa kinaungua.

Dawa yake ni kulegeza kitako robo mzunguko kabla ya kuiweka mfukoni. Inafanya kazi kwa sababu nyuzi za kusokotea zimepakwa utando uleule wa rangi ya bomba (mwili wa tochi), ambao haupitishi umeme. Umeme unapita pale tu ukingo wa bomba unapokazwa dhidi ya kitako. Nyuzi zikiwa nyeupe, alumini tupu, ujanja huu haufanyi kazi. Jaribu dukani.

Hatua ya 5: Kuibeba

Klipu, kichwa kikiangalia chini, mfuko wa mkono unaoutumia. Basi.

Kwa kanzu, mfuko wa pembeni unainama na tochi nzito, hapo ndipo ya AA inapoishinda 18650. Dera lisilo na mfuko ni mtihani. Mke wangu ameibana yake kwenye mkanda wa ndani wa mkoba, sehemu moja kila siku, anaipata bila kutazama. Kamba ya shingoni siipendi kwa anayefanya kazi karibu na mashine inayozunguka au umeme ulio wazi. Kama lazima, iwe ile inayokatika ikivutwa.

Tochi za kuvuta kichwa mbele na nyuma sibebi. Pale panapoteleza ndipo maji na mchanga vinapoingia.

Hatua ya 6: Usafi

Ukiona inapepesa, usikimbilie kununua betri. Fungua kitako, futa nyuzi na ukingo wa bomba kwa pamba yenye spiriti. Tunaoishi karibu na bahari chumvi inashika hapo upesi. Kama bado, angalia ndani ya kitako: kuna ringi yenye vitundu viwili inayoshikilia swichi, hulegea yenyewe. Ikaze kwa ncha za kibano. Paka grisi ya silikoni kidogo kwenye raba, si petroli wala mafuta ya taa.

Ukisafiri kwa ndege, betri za akiba za lithiamu zinaingia kwenye begi la mkononi, zikiwa ndani ya kikasha chake, si kwenye mzigo unaokabidhi. Tochi yenyewe nayo iweke hukohuko, kitako kimelegezwa.