Ndege za Dinky: jinsi ya kununua usiuziwe mbuzi kwenye gunia

Anayeanza kukusanya ndege za abiria za kuchezea, zile ndogo za chuma, hutaka zote kwa mpigo. Chagua kiwanda kimoja na kipindi kimoja. Mimi nilishika Dinky, zilizotengenezwa na Meccano kule Liverpool, tena zile za miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960. Kati ya ndege zake za abiria zimo: Comet ya BOAC, shirika la ndege la Uingereza (namba 702, baadaye 999), Viscount ya Air France (706) na ya BEA, shirika jingine la Uingereza (708), Britannia ya Canadian Pacific (998) na Caravelle ya Air France (997).

Anza na Comet. Tarehe 2 Mei 1952 Comet ya BOAC ilifungua safari za abiria kwa ndege za jeti, London hadi Johannesburg, na njiani ikatua Entebbe. Kwetu Afrika Mashariki hii si ndege ya watu wa mbali. Isitoshe haina propela, kwa hiyo hakuna za kuvunjika wala za kubadilishwa kimyakimya.

Za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia (Dinky walianza ndege mwaka 1934) zisikutie tamaa kwanza. Nyingi zilimiminwa kwa zinki iliyoingia uchafu wa risasi, na chuma hicho huvimba, hupasuka, mwishowe humeguka chenyewe. Ukiona vijiufa vyembamba, au bawa limepinda na halina alama ya kugongwa, iache. Ugonjwa huo hauna dawa.

Sasa uhalisi. Huku Mombasa nanunua mtandaoni, kwa hiyo macho yangu ni picha. Muombe muuzaji picha ya pua, ncha za mabawa na tumboni, akiwa amewasha taa pembeni, si mbele. Rangi ya kiwandani huchakaa pale mkono wa mtoto uliposhika na pale ndege ilipotua, huku mashimo ya ndani yakibaki na rangi nzima. Kisha kuza picha ya magurudumu. Kiwandani walipaka rangi kwanza, ekseli ikafuata. Ukikuta ncha za ekseli zimepakwa rangi, mtu amepita na brashi. Angalia pia maandishi yaliyochongeka chini: rangi mpya huwa nene na huziba herufi za Meccano.

Viscount inataka umakini zaidi. 706 na 708 ni umbo lilelile, tofauti ni rangi na maandishi ya shirika. Linganisha na picha za minada, herufi kwa herufi. Propela zote nne zizunguke na zifanane; vipuri vya kisasa vinauzwa wazi na si dhambi kuvitumia, ila bei ishuke. Na mtu akikuletea Dinky ya zamani yenye rangi za East African Airways, jua imepakwa upya. Najua moyo unavyovutwa, hata wangu. Ukitaka Super VC10 ya EAA, tafuta za watengenezaji wa siku hizi, za kipimo cha 1:200 au 1:400.

Mimi hununua iliyochubuka yenye rangi yake, siyo inayometa kwa rangi ya jana. Chubuko ni la kweli. Rangi ya kiwandani ikishaondolewa hairudi.

Usiiloweke majini. Maandishi ya shirika yamebandikwa kwa maji na kwa maji hubanduka. Vumbi litoe kwa brashi laini ya kuchorea. Boksi ndilo linaloteseka pwani: unyevu huleta ukungu, na boksi zuri linaweza kubeba sehemu kubwa ya bei. Liweke ndani ya chombo cha plastiki chenye mfuniko pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu, mbali na dirisha. Badilisha vipakiti kabla masika hayajaanza.