Midoli kila kona: jinsi ya kuishi na mtoto wa miaka miwili kwenye chumba na sebule

Nalea watoto wa kutwa hapa Tabata. Wazazi huniuliza wanunue kapu gani la kuhifadhia midoli. Kapu halina shida. Shida ni wingi, na kwenye nyumba zetu za kupanga wingi hauna pa kujificha.

Hatua ya 1: Punguza
Mtoto akishalala, mwaga vyote sakafuni. Vilivyovunjika tupa. Vilivyobaki gawa mafungu matatu au manne: moja libaki sebuleni, mengine yaingie kwenye mfuko wa shangazi kaja, juu ya kabati. Uvunguni anafika, usijidanganye. Usimwonee huruma pia. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, waliona kwamba watoto wa umri huu wakiwekewa vichezeo 4 hudumu na kila kimoja na kukibunia michezo mingi zaidi kuliko wakiwekewa 16.

Hapohapo kagua usalama. Kinachopenya kwenye kiini cha karatasi ya chooni kinaweza kumkaba. Midoli inayoimba kwa betri bapa za duara iwe na kifuniko cha skrubu. Betri hiyo ikinasa kooni huunguza ndani ya saa 2 tu, kwa hiyo ukihisi amemeza, kimbilia hospitali, usingoje aitoe chooni.

Hatua ya 2: Mabeseni mawili, wazi
Sanduku kubwa atalimwaga lote akitafuta kigari kimoja. Chukua mabeseni mawili ya rangi tofauti pale Kariakoo, au osha ndoo za mafuta ya kula. Magari huku, vingine kule. Yakae chini anapofikia, bila mifuniko.

Hatua ya 3: Tandika khanga
Hii ni ya vile vitofali vya plastiki vinavyotuumiza nyayo umeme ukikatika. Tandika khanga kuukuu, mwaga vitofali katikati, acheze hapo. Akimaliza shika pembe nne, nyanyua, mimina kwenye beseni. Vichache vitakimbilia chini ya kochi, lakini vingi vitakuwa vimerudi.

Hatua ya 4: Kukusanya pamoja
Fanyeni kabla ya chakula cha jioni, hajaanza kusinzia. "Panga vitu vyako" haelewi. Mwambie, "Baba, leta gari jekundu." Akilitumbukiza mpigie makofi, kisha taja lingine. Akileta matatu akatoroka, malizia mwenyewe bila kugombana.

Zungumza na dada wa nyumbani pia. Wengi hukusanya wenyewe mbiombio mama akikaribia kurudi kutoka kazini. Nyumba inapendeza, ila mtoto hajifunzi kitu.

Hatua ya 5: Badilisha fungu
Hakuna tarehe maalumu. Ukiona midoli imesuswa na sasa ni zamu ya sufuria zako, shusha fungu jingine. (Sufuria na mwiko mwachie tu, ni midoli mizuri kuliko mingi ya dukani.) Fungu linalopanda lioshe kwa sabuni, lianike juani likauke kabisa.

Vya kuogea vyenye tundu vikamue maji kila siku. Kwa joto na unyevu wa Dar, ukungu huota ndani usikouona. Bata akikamuliwa akatoa uchafu mweusi, mtupe, hata kama ndiye kipenzi chake.