Picha zipo ila hazionekani: jinsi mi ninavyopanga na kuediti picha kwa digiKam

Mi niko hapa Moshi, napiga picha za sherehe, sendofu (sherehe ya kumuaga binti kabla ya harusi), harusi, kipaimara, ubarikio, na ikifika Desemba watu wamerudi nyumbani ndo usiseme, wiki tatu nzima nashinda na kamera shingoni. Sasa kuna siku saa tatu usiku napigiwa simu na mteja wa zamani, mtu wa Kibosho, sauti imemkauka, ananambia kaka, babu ametutoka, mazishi keshokutwa, anayeprinti ratiba anataka picha kesho asubuhi, na picha za mwisho za maana za babu ni zile ulizopiga kwenye sendofu ya dada. Nikamjibu pole sana, usijali, ninazo. Na kweli nilikuwa nazo, ila zilikuwa kwenye diski nne, ndani ya mafolda yana majina kama HARUSI MPYA, HARUSI MPYA MPYA, KADI YA DOGO na USIFUTE. Nimekuja kumpata babu saa nane usiku, ameshika kipande cha ndafu (mbuzi mzima wa kuchoma), mdomo umejaa.

Toka wiki ile nikaacha ujinga. Watu wengi wakiniuliza habari za picha wanauliza kuediti tu, filta gani, rangi gani, wakati kazi kubwa iko kwenye kupanga, kuediti kunakuja mwisho kabisa.

Programu ninayotumia ni digiKam. Ni ya bure, haina majaribio ya siku 30 wala nini, inaingia kwenye Windows, Mac na Linux. Zamani wengi wetu tulikuwa na Picasa, Google wakaiacha 2016 tukabaki yatima. Lightroom ni nzuri, sibishi, ila inalipiwa kila mwezi, na kwa mtu ambaye Februari na Machi simu haiiti kabisa (Kwaresma bwana, nani anaoa) hiyo hela ya kila mwezi inauma. Kilichonivuta zaidi kwenye digiKam ni kwamba albamu yake ni folda halisi kwenye diski, ukiichoka kesho ukaitupa, picha zako zinabaki zimepangwa vilevile ulivyoziacha. Ila hapo kuna sharti moja, ukitaka kuhamisha picha au kubadili jina la folda fanyia ndani ya digiKam, usiende kuhamisha kwa nyuma afu ushangae inakwambia haizioni.

Ukiifungua mara ya kwanza inakuuliza picha zako zinakaa wapi, na ile databesi yake (daftari lake la kumbukumbu za picha) iwekwe wapi. Picha zinaweza kukaa diski ya nje, databesi iweke ndani ya kompyuta yenyewe, maana ukiiweka kwenye diski ya nje ya zamani kila kitu kinakuwa kizito kama gari linalopanda Marangu na gia nne. Afu kabla hujafanya chochote ingia kwenye setingi, sehemu ya Metadata, weka tiki kwamba majina, nyota na maelezo yaandikwe ndani ya faili la picha lenyewe, na kwa picha za RAW (zile ghafi za kamera) ichague iandike kifaili cha pembeni cha .xmp. Hii watu wanairuka. Usipoiweka, majina yote utakayoandika miaka mitano yanaishi kwenye databesi tu, siku laptopu imemwagiwa chai unabaki na picha bubu.

Mafolda mi nayapanga kwa mwaka, ndani ya mwaka tarehe, tukio na mahali, mfano 2024-12-28 Sendofu Kibosho. Anza na mwaka, fuata mwezi, malizia siku, kwa sababu kompyuta inapanga kwa kusoma kutoka kushoto, ukiandika 28-12-2024 basi tarehe 28 za miezi yote zitakaa pamoja na utachanganyikiwa. Inatosha hivyo, usianze kutengeneza folda ndani ya folda ndani ya folda, hiyo kazi ni ya tagi (maneno unayoibandika picha ili uipate baadaye), nitafika.

Kutoa picha kwenye memori kadi: kopi, usikate. Ukikata na umeme ukakatika katikati, au waya ukachezacheza, unaweza kukosa huku na huku. Kadi naifomati ndani ya kamera yenyewe, na siifomati mpaka picha ziko sehemu mbili nimezifungua nikaziona kwa macho.

Sasa saa ya kamera, hapa nikae kidogo maana imenitesa. Nilikuwa na dogo ananisaidia, nimempa kamera ya pili, betri ilikaa nje siku nyingi saa ikapotea, akaiseti upya asubuhi ile. Ilikuwa saa nne asubuhi. Yeye akaandika 04:00. Unaona? Kamera haijui saa ya Kiswahili, ilitakiwa iwe 10:00, kwahiyo picha zake zote zikawa nyuma kwa masaa sita. Nilipozichanganya na zangu bibi harusi akawa anakata keki kabla hajaingia saluni, na mc anaaga watu saa saba mchana. Dawa yake ndani ya digiKam ni rahisi, unachagua picha za ile kamera tu (unaweza kuchuja kwa jina la kamera, limeandikwa ndani ya kila picha), unaingia menyu ya Item, unachagua Adjust Time and Date, unaongeza masaa sita, kwisha. Siku hizi kabla hatujaanza kazi kila kamera inapiga picha moja ya skrini ya simu yangu ikionyesha saa, ili kama zinapishana hata kwa dakika tatu nijue ni ngapi hasa za kuongeza.

Kuchuja ndo sehemu ya moyo mgumu. Harusi moja narudi na picha 1,800 na mteja hawezi kuangalia 1,800, ataangalia za mwanzo 60 afu achoke. Mzunguko wa kwanza siangalii uzuri, naangalia ubovu tu, macho yamefumba, fokasi imeenda kwa ua badala ya mtu, mtu kapita mbele, nabonyeza Alt na 1 inapata bendera nyekundu ya kukataliwa, natembea. Naenda haraka bila kufikiria sana. Mzunguko wa pili natoa nyota, Ctrl na namba 1 mpaka 5. Mi nyota 3 ni ya kumpa mteja, 4 ni ya albamu, 5 ni ya kubandika ukutani, na 5 kwa harusi nzima hazizidi kumi, ukijikuta una nyota 5 mia mbili ujue unajipendelea. Kuna zile picha saba za familia zinafanana kila kitu, hizo zipeleke kwenye Light Table unaziweka mbili ubavu kwa ubavu, unazivuta kwa pamoja mpaka kwenye macho, unabaki na moja.

Ila kuna kitu sifuti. Mzee yeyote, babu, bibi, hata akiwa kapepesa macho, hata ikiwa imetetemeka, ile inabaki. Nimeshakwambia kwa nini.

Tagi sasa. Mi nina mashina matatu tu, Watu, Mahali, Tukio. Chini ya Mahali kuna Moshi, chini yake Kibosho, Uru, Majengo, vilevile Arusha na Njiro na Usa River. Chini ya Tukio sendofu, harusi, ubarikio, msiba. Faida yake ni kwamba picha moja inaweza kuwa na tagi tano bila kukopiwa mara tano. Kwa watu, digiKam inatambua sura, lakini mara ya kwanza inataka ishushe mafaili yake, ni mamia ya MB, kwahiyo subiri uwe kwenye waifai, usimalize bando. Unaitajia jina mara kadhaa, huyu babu, huyu babu, huyu siyo babu ni mdogo wake, baada ya hapo inaanza kukisia yenyewe na we unakubali au unakataa. Inachanganya ndugu, sana, ukoo wenye pua moja utaipa tabu. Na majina usiyabuni, mi nikimaliza kazi namwomba mama mwenye sherehe nusu saa, tunakaa na laptopu, nakunywa chai yake, ananitajia huyu ni shangazi wa wapi, yule ni mzee wa kanisa, naandika palepale. Baada ya mwaka hata yeye hatakumbuka wote.

Haya, kuediti. Bonyeza F4 inafungua editi. Mpangilio wangu ni uleule kila siku, kwanza kunyoosha picha iliyolala, afu kukata, afu rangi nyeupe iwe nyeupe, afu mwanga, mwisho kabisa ukali. Kwenye kumbi zetu kuna zile taa za zambarau na kijani zinazozunguka, uso wa mtu unakuwa kama bamia, hapo kwenye White Balance chukua kile kitone ubonyeze kitu unachojua ni cheupe, kitambaa cha meza au shati, siyo shela, shela mara nyingi lina rangi ya krimu. Kama taa zimezidi kabisa geuza picha iwe nyeusi na nyeupe, siyo aibu. Shela na ngozi vinapigana kwenye mwanga, kamera ikiona cheupe kingi inapunguza mwanga na sura za watu zinazama, kwahiyo usiinue picha nzima, inua vivuli tu na ushushe zile sehemu kali kidogo ili lesi ibaki inaonekana. Tatizo hilohilo wanalo jamaa zangu wanaopandisha wageni mlimani, theluji na barafu ya kule juu Kilimanjaro kwenye mita 5,895 inatoka rangi ya majivu, kule tofauti ni kwamba unainua picha nzima.

Na wale wanaonambia kaka nifanye mweupe kidogo, jibu langu ni hapana, nitakupa mwanga mzuri, rangi yako ni ya mama yako. Mmoja alinuna. Baadaye akaiweka profaili.

Kukata nirudi kwa babu. Usiku ule niliendelea kutafuta, nikaona picha ya bibi harusi anacheka, na nyuma yake kabisa, meza ya tatu, babu kakaa na kofia yake anamwangalia mjukuu, naye anacheka. Kile kicheko ndo walichokuwa wanakitaka. Nikakata nikabaki na kichwa na mabega, pikseli 900 kwa upana. Kwenye kuprinti mi nahesabu pikseli 300 kwa kila inchi, kwahiyo 900 ni inchi 3, kwenye ratiba ya mazishi ikatoka safi. Lakini walitaka na ya fremu ya 8 kwa 10, hiyo inataka 2,400 kwa 3,000, sikuwa nazo na hakuna programu ya kuzizaa bila kumtengenezea mzee sura nyingine. Fremu ikaenda na ile ya ndafu, nimekata mkono wote na kipande chake, shavu limebaki limevimba upande mmoja. Siku hizi kwenye kila sherehe naenda meza za wazee mwanzoni kabla chakula hakijaja.

Ukimaliza kusevu, digiKam inaweza kuweka toleo jipya lenye v1 mwisho wa jina na ya mwanzo inabaki, iache hivyohivyo. JPEG ukiifungua ukaisevu juu yake tena na tena kila mara inapoteza kidogo. Kama unapiga RAW na unataka kuzama zaidi kuna darktable, nayo ya bure, ile haigusi faili la mwanzo kabisa, ila siyo ya kujifunza wiki yenye harusi. Kutuma WhatsApp, ukituma kama picha ya kawaida inabanwa na taarifa za ndani zinaondoka, tarehe na yote, tuma kama dokumenti.

Kuhifadhi ni nakala tatu, diski mbili tofauti, moja isiwe nyumbani kwako. Google Photos inasaidia ila toka Juni 2021 bure ni GB 15 tu na inagawana na barua pepe, harusi mbili imejaa. Flashi za bei ya kutupa zinazoandikwa 512GB usiziamini, nyingine ndani ni 16, inakubali kupokea afu mafaili hayafunguki, ipime kwanza kwa programu ya H2testw. Nakala yangu ya tatu iko Arusha kwa dada yangu, kila nikienda nampelekea diski yenye picha mpya narudi na ya zamani, kilomita kama 80, na kwenye basi siiweki kwenye begi la juu, naipakata.