Tundu la skrubu kwenye balsa: ligandishe kabla ya kufunga

Kwa wanaounda ndege ndogo za balsa (mbao nyepesi sana): skrubu za sevo (mota ndogo ya kusogeza usukani) na za kifuniko cha betri hulegea kwa sababu balsa ni laini, na meno ya skrubu huzikata nyuzi zake kila unapofunga na kufungua. Dawa yake ni hii. Toboa tundu jembamba kuliko skrubu, ifunge mpaka mwisho ili ichonge meno, kisha itoe. Dondoshea humo tone moja au mawili ya supaglu nyepesi, ile inayotiririka kama maji, uache ikauke kabisa ndipo uifunge tena. Gundi hunyonywa na nyuzi za mbao zilizo kando ya tundu na kuzigandisha, kwa hiyo meno yanabaki yamechongwa kwenye kitu kigumu. Uzito unaoongezeka ni kidogo mno.

Supaglu nzito haifai hapa, inakaa juu juu tu bila kupenya. Ukiwa na haraka ukarudisha skrubu kabla gundi haijakauka, itagandia humo (na bisibisi itakula kichwa chake). Kwenye stairofomu usijaribu kabisa, supaglu ya kawaida huiyeyusha. Usiifute supaglu kwa pamba, maana zikikutana hupata joto kali hata kutoa moshi. Na pale panapobeba mzigo mkubwa, kama kiti cha injini au miguu ya kutua, ujanja huu hautoshi: bandika kipande cha plaiwudi kwa gundi ya epoksi, skrubu iume humo.